Kupanda Hanang kwa kikundi: mwenye mwendo mdogo atangulie

Ukitaka kujua kama kikundi chako kitafika kileleni Mlima Hanang, mkoani Manyara, usimwangalie mwenye mbio. Mwangalie anayebaki nyuma, halafu uone kama kuna anayegeuka kumtazama. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya jogging hapa Dodoma, na kwa kuwa michango naikusanya mimi, safari za mlimani nazo zikaniangukia.

Mazoezi yaanze mapema. Kukimbia kwenye lami hakutoshi. Pandeni kilima cha Mlimwa hapa mjini jioni, kila mtu na begi lenye maji mgongoni, na mkishuka mshuke taratibu. Wengi huogopa kupanda, lakini magoti huchakazwa na kushuka.

Hanang ina mita zipatazo 3,420. Ukianzia upande wa Katesh, mji ulio chini ya mlima, unapanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja. Ni hifadhi ya msitu chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo kibali na mwongozaji vishughulikiwe mkifika Katesh. Njiani hakuna maji ya kutegemea: kila mtu abebe lita 4. Nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka mlima huu liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mvua ikianza, ahirisheni, hata kama nauli imeshalipwa.

Usiku wa kuamkia safari, fanyeni kikao pale gesti, mkishakula. Kwanza kubalianeni saa ya kugeuka. Sisi tukiondoka saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana tunageuka, popote tulipo. Jambo hili liamuliwe chini, kwa sababu kule juu kila mtu anaona kilele kiko "hapo tu". Kisha pangeni mstari: mwenye mwendo mdogo anafuata nyuma ya mwongozaji, na mwenye nguvu kuliko wote anafunga msafara akiwa na dawa na maji ya akiba. Vijana hawaupendi mpangilio huu. Watanung'unika mpaka saa nne hivi, halafu wataacha wenyewe. Wa mbele wakishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mwendo ni mkubwa, punguzeni.

Kila mtu awe na mwenzake wa kumkagua: amekunywa maji? Amekula? Na hapa niseme la wanawake wenzangu. Tunajibana, hatunywi maji, eti tusisumbue msafara kwa kwenda kichakani. Kwetu msafara unasimama kila saa, wanaume wanasogea mbele, na hakuna anayeuliza kitu. Tangu tuweke sheria hiyo, malalamiko ya kichwa kuuma yamepungua sana.

Kazi yenyewe iko kwenye ukingo wa juu. Mnafika mahali mnapodhani ndiyo mwisho, mnanyanyua vichwa, kumbe kilele kiko mbele zaidi, na upepo unavuma. Hapo ndipo mtu hukaa kwenye jiwe na kusema, "Nendeni, nitawasubiri." Dereva wetu mmoja wa bajaji, mtu wa maneno kutwa nzima, yeye alinyamaza tu. Nikajua.

Usimpigie hotuba mtu wa namna hiyo. Muulize kama kichwa kinamgonga, kama ana kichefuchefu, mwambie atembee hatua chache uone kama anayumba. Dalili hizo zikiwepo na zinazidi, anashuka mara moja na mwenzake, kamwe asiachwe peke yake. Kama ni uchovu tu, mpokee begi, mpe karanga za chumvi na maji, kisha muonyeshe jiwe lililo karibu: "Twende mpaka pale." Mkifika, muulize tena. Usimtajie kilele kabisa. Dereva wetu tulimvusha hivyo, jiwe kwa jiwe, begi lake likipokezwa mikononi mwa watu ambao mjini hawajawahi hata kusalimiana naye vizuri.

Wakati wa kushuka achianeni nafasi, maana changarawe huteleza na jiwe likiponyoka linamfuata aliye chini. Fimbo itangulie, mguu ufuate.

Chakula cha jioni kilipieni gesti kabla hamjaondoka. Wali na maharage vinatosha. Mkirudi hakuna mwenye nguvu ya kubishania bei.