Kutoa kwa kuchukua: mtoto afungue kitita kwanza ndo aandike

Walimu wenzangu wa darasa la pili na la tatu, andikeni ubaoni 52 - 27 muone. Wengi watakuletea 35, na ukiangalia daftari unaona kabisa alichofanya, mbili toa saba imegoma basi kageuza, saba toa mbili tano, tano toa mbili tatu, kamaliza anasubiri vema. Usimgombeze kwamba hakusikiliza. Kasikiliza vizuri tu, ila ile 5 kwake ni tano kama tano zingine, hajawahi kuiona ikiwa makumi matano. Na sisi tunakimbilia kumwambia "kopa moja kwa jirani", sasa kakopa moja imekuwaje kumi?

Mimi nasema kukopa kusitajwe kabisa mpaka mtoto afungue kumi kwa mikono yake.

Unahitaji vijiti. Huku nyanda za juu havisumbui, Iringa na Njombe mianzi ipo kibao, Mbeya hata vya mikaratusi vinatosha. Kila mtoto aje na kumi, urefu wa kidole cha kati. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate kwa mkasi upate pete nyembamba, hizo ndo za kufungia vijiti kumi kumi, kila fungu la kumi ni kitita kimoja. Maharage tunayo ya kumwaga lakini kwa kazi hii hayafai, hayafungiki, mtoto anarudi kuhesabu moja moja.

Darasani wakae makundi ya sita au saba na vijiti ashike yule anayesuasua, ukimwachia mwepesi wengine watabaki kutazama. Weka vitita vitano na vijiti viwili, waambie watoe 27. Wataanza na saba, watakuta vipo viwili tu. Hapo nyamaza mwalimu, najua inauma kunyamaza na kipindi kinakimbia lakini nyamaza, watatazamana watabishana weee mpaka mmoja aulize, mwalimu tufungue? Fungueni! Pete inatoka, vijiti kumi vinaungana na vile viwili, 12, vitita vimebaki vinne. Toa saba vinabaki vitano, toa vitita viwili vinabaki viwili. 25.

Sasa rudia lilelile, safari hii mkono na chaki viende pamoja. Pete ikitoka, unakata 5 unaandika 4 juu yake, na ile 2 inakuwa 12. Hesabu mbili tatu hivi kwanza, ndo uwaache na daftari.

Halafu wengi tunasahau hili, usiwape zote za kufungua. Changanya 53 - 28 na 58 - 23, la sivyo watafungua kila wanapoona alama ya kutoa, na kazi yenyewe ni mtoto aamue mwenyewe kama kuna haja. Nne zinatosha kwa siku, mbili za kufungua na mbili za kawaida.

Sifuri ndo inawaangusha hata wa madarasa ya juu, mfano 304 - 128. Kama una watoto 80 una vitita 80, funga kumi kumi kwa kamba unapata mamia manane, tumia matatu na vijiti vinne pembeni. Anataka mamoja, makumi hayapo, kwa hiyo afungue mia moja apate vitita kumi, kimoja kati ya hivyo akifungue tena. Mezani kuna mamia mawili, vitita tisa na vijiti 14, mtoto anaiona ile 9 imetokea wapi, jibu 176. Usiruke hatua hata moja hapa.

Chenji ni somo lingine, usilichanganye na vijiti. Mtoto anayetumwa dukani na buku akanunua kitu cha 650 hakopi popote, anapanda, 650 mpaka 700 ni 50, mpaka 1,000 ni 300, chenji 350. Hiyo njia ni sahihi kabisa, mruhusu aitumie kuhakiki jibu lake la daftarini, 27 mpaka 30 ni 3, mpaka 52 ni 22, jumla 25. Akikuta hazilingani mrudishe kwenye vijiti, asifute kwanza.