Mafuriko ya ghafla: ukisubiri uyaone umeshachelewa

Watu wengi wakisikia mafuriko wanapata picha ya mto unaojaa pole pole siku mbili tatu huku wewe unahamisha vitu taratibu. Hayo yapo, ila ya ghafla ni habari nyingine, yanakuja ndani ya masaa machache tangu mvua kubwa ianze, kawaida chini ya masaa 6, na kwenye bonde jembamba au mtaa uliojaa zege yanaweza kukufikia kwa dakika tu. Hesabu yake nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sasa chukua milimita 50 kwenye kilomita 1 ya mraba, hizo ni lita milioni 50, na kama ardhi imeshashiba basi zote zinatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni bondeni, yaani hapo ulipo.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika siku ya jua. Tembea mtaani kwako uangalie takataka zilizonasa kwenye matawi, mistari ya tope kwenye kuta, hapo ndio maji yalifika safari iliyopita na yanaweza kupita zaidi. Kisha chagua njia ya kupanda mlimani KWA MIGUU, isiyovuka daraja wala mtaro, maana njia inayovuka mtaro siku hiyo sio njia tena. Vitambulisho, dawa, tochi na pawabanki weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge vizuri, basi, usihangaike na begi la mambo kumi na tano.

Mvua ikianza kumwagika fuatilia taarifa za hali ya hewa, ila usitegemee simu peke yake. Oktoba 29, 2024 kule Valencia, Hispania, watu zaidi ya 200 walikufa, na tahadhari ya simu ilitoka saa 2 usiku na dakika 11 wakati sehemu nyingi maji yameshaingia ndani. Kuna miji hata mvua ya maana haikuwanyeshea, maji yalitoka huko juu. Na wapo waliokufa kwa kushuka gereji za chini ya ardhi kuokoa gari, sehemu ambayo maji yakiingia hayana pa kutokea na wewe pia.

Dalili za kuangalia mtoni: maji yanabadilika ghafla kuwa ya kahawia, yanaanza kubeba vijiti na majani, unasikia mngurumo kama lori linakuja. Au kinyume chake, mto unapungua wakati huko juu inanyesha, hiyo mbaya zaidi, inawezekana kuna kitu kimeziba na kitaachia. Usikae kurekodi video. Panda juu sasa hivi, viatu utavaa huko huko.

Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu, hayafiki hata nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulifanya gari dogo lielee, na 60 zinabeba karibu gari zote, hata zile ndefu ambazo wenyewe wanajiamini sana. Dereva huwa anaanza kuhisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, anadhani mambo yamekuwa rahisi kumbe tairi zimeshaacha barabara. Tena chini ya maji hayo hujui kama barabara bado ipo. Geuza gari, ukichelewa unapokwenda watakuelewa.

Ukishanasa ndani ya gari na maji yanapanda: fungua mkanda, shusha dirisha HARAKA kabla umeme wa gari haujazima, toa watoto kwanza halafu toka wewe, panda juu ya gari kama huwezi kufika pakavu. Usihangaike na mlango, maji ya nje yanausukuma kwa nguvu usiyoiweza. Dirisha likigoma piga kioo cha pembeni kwenye kona, cha mbele ni kigumu usipoteze muda.

Na ukibebwa na maji usijaribu kusimama, mguu ukinasa kwenye jiwe mkondo utakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele ielekee maji yanakokwenda, piga kasia kwa mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari. Ukiona mti umelala mbele yako hapo geuka, ogelea kwa nguvu uudandie juu, usikubali kupita chini yake.

Nyumbani swichi kubwa zima mapema, wakati umesimama pakavu. Kama sakafu imeshalowa achana nayo uondoke.

Maji yakipungua watu ndio wanajisahau. Mifuniko ya chemba huwa imeng'olewa, ukiona maji yanazunguka sehemu moja kama yanaingia kwenye faneli hapo kuna shimo, pita mbali, na popote unapolazimika kukanyaga maji tangulia na fimbo. Nyoka nao wanakuwa wamejificha ndani pakavu kama wewe. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote dakika 1 kamili, kipindupindu na homa ya matumbo vinapenda siku kama hizi. Umeme usiwashe mpaka fundi apite, hata kama jirani ameshawasha wa kwake na anakushangaa.