Somo: Antena ya waya ya kubebeka kwa megahezi 7

Miezi hii ya karibuni wanaredio wengi wa ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, si kwa biashara) wameniuliza "waya niukate mita ngapi?", nami kila mara nimejibu upya. Sasa naliandika jibu lote hapa, na naomba kila mwenye swali hilo asome kwanza hadi mwisho.

Kwa anayeanza nashauri dipoli, yaani waya wenye urefu wa nusu ya wimbi, uliogawanywa katikati kuwa mikono miwili na kulishwa kwa kebo ya omu 50 (yenye waya wa kati na wavu wa nje). Haihitaji transfoma, kosa lake huonekana upesi, na waya wake hupatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme. Antena inayolishwa nchani inafaa sana mlimani penye mti mmoja tu, lakini transfoma yake ikifungwa vibaya, mgeni wa kazi hii hatatambua kama kosa liko kwenye transfoma au kwenye waya.

Hatua ya 1. Uwe na leseni. Kwa Tanzania hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Hatua ya 2. Gawanya 142.5 kwa masafa unayoyataka. Kwa megahezi 7.1 utapata takriban mita 20.1 kwa jumla, yaani mita 10.05 kila mkono. Kata mita 10.5 kila mkono, ili ibaki ziada ya kukunja katika hatua ya 6.

Hatua ya 3. Chukua kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ukubwa wa kiganja, ukitoboe, na upitishe kila waya katika matundu mawili kabla ya kuulehemu, ili uzito ubebwe na plastiki. Mkono mmoja hulehemiwa kwenye waya wa kati wa kebo, mwingine kwenye wavu wa nje. Ziba ncha ya kebo vizuri, kwa kuwa maji yakishaingia kwenye wavu kebo hiyo haiponi.

Hatua ya 4. Rusha mshipi wenye chubwi juu ya tawi, kisha utumie mshipi huo kuvuta kamba ya nailoni. Kabla ya kurusha, tazama nyaya za umeme ziko wapi. Ikiwa antena au kamba ikianguka inaweza kuzifikia, hama mahali hapo, hata kama mti ni mzuri.

Hatua ya 5. Pandisha sehemu ya katikati mita 8 au zaidi, shusha mikono ili pembe iliyo kati yake isipungue digrii 90, na ufunge ncha mahali ambapo mtu hawezi kuzigusa, kwa sababu wakati wa kurusha mawimbi ncha hubeba volteji kubwa.

Hatua ya 6. Hapa ndipo nilipoharibu antena yangu ya kwanza. Kwa kuwa sikutaka kupandisha na kushusha mara nyingi, niliifunga kwenye vigingi vya urefu wa bega, nikapima, nikaona inaitikia (yaani SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ni ndogo kabisa) chini ya megahezi 7, basi nikaikata kidogo kidogo mpaka kipimo kikasoma 7.1 sawasawa. Kesho yake nikaitundika mtini kwenye mteremko wa Uluguru, ikaitikia juu ya 7.2, nje kabisa ya bendi yetu (masafa tunayoruhusiwa), na sikuwa na waya wa kuiunga. Ardhi ikiwa karibu huufanya waya uwe kana kwamba ni mrefu zaidi. Ukiuinua, athari hiyo hupungua na masafa hupanda. Kwa hiyo pima antena ikiwa juu, pale pale itakapofanyia kazi, na usikate kitu. Kunja ncha, isokote kwenye waya wenyewe, pandisha, pima tena. Kwa urefu huu, sentimita 10 za kila mkono hubadili masafa kwa takriban kilohezi 70, hivyo ukisoma 6.86 kunja kiasi cha sentimita 35, mikono yote miwili sawa. Usishangae ukizidi kukunja kuliko hesabu inavyosema, kwa sababu gamba la plastiki nalo hushusha masafa. Mkasi uushike baada ya kuitundika antena mahali pawili tofauti na kuona kipimo hakijahama.

Swali (Kahama): Kaka, nimekata mita 20 kila upande na SWR ni mbaya sana. Antena hii haifai.

Jibu: Hatua ya 2 inasema mita 20.1 kwa jumla. Kila mkono wako ni mara mbili ya unavyotakiwa.

Swali (Mbeya): SWR yangu ni 3. Nifanyeje?

Jibu: Umepima kwa masafa gani, na antena iko juu mita ngapi?

Mbeya: Megahezi 7.1. Nimeifunga kwenye uzio.

Jibu: Soma hatua ya 6.

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Mchana nawapata wa Dodoma vizuri kabisa, lakini usiku wa manane wanapotea, na vituo vya mbali vinaingia kwa nguvu, ilhali sijaigusa antena. Ni kwa nini?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kusikiliza kwa makini hivyo. Antena iliyo juu mita 8 iko chini ya robo ya wimbi kutoka ardhini, kwa hiyo nguvu yake nyingi huelekea juu moja kwa moja. Mchana ionosfea (tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi ya redio) ina uwezo wa kuyarudisha mawimbi hayo, nayo huangukia ndani ya kilomita mia chache, ikiwemo Dodoma. Usiku ukikomaa ionosfea hudhoofika, yale ya wima huipenya na kupotea, lakini yale ya mlalo bado hurudi, tena mbali sana, kwa kuwa tabaka la chini linaloyameza mchana limekwisha kutoweka jua lilipozama. Ukitaka Dodoma usiku, shuka hadi megahezi 3.6, ambako kila mkono huwa mita 19.8. Ndugu wa Kahama, urefu wako karibu ni huo huo, nami nilipaswa kukuambia mapema. Kama bado hujaukata, usiukate.

Kahama: Sijaukata. Leo usiku nitajaribu.

Mombasa: Nyongeza kwa wa pwani: chumvi hugeuza maungio kuwa ya kijani kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo mimi hupaka silikoni juu ya lehemu. Waya nao huuzungusha kwenye kibao kwa umbo la nane, kwa sababu ukiuzungusha duara hujisokota wakati wa kuukunjua.

Jibu: Silikoni ikiwa na harufu ya siki, iache, kwani hula shaba, tafuta isiyo na harufu hiyo. La kibao nimelifanyia kazi asubuhi hii, na mita 20 zimefunguka bila fundo hata moja.