Ukifika Lincoln, nenda ukauone mnara wa Stenigot

Shemeji, kwa kuwa unaondoka Nakuru mwezi ujao kumwona kijana wako katika mji wa Lincoln, Uingereza, tenga siku moja ya kuuona mnara wa zamani wa rada wa Stenigot. Nimepanda milingoti ya simu Bonde la Ufa miaka 22, na hakuna chuma kilichonigusa moyo kama kile.

Kijana akuendeshe hadi Donington on Bain, kijiji kidogo katika vilima vya mashamba. Mkikaribia mtaona milingoti miwili. Ule mwembamba mrefu mno, ulioshikwa na nyaya, ni wa televisheni, wa Belmont. Mimi niliupiga picha huo kwanza nikidhani ndio. Unaoutafuta una miguu minne na unajisimamia bila waya.

Ni mfupi ukiulinganisha na jirani yake tu: una mita 110, karibu kimo cha jumba la KICC la Nairobi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia minara ya chuma kama huo ilirusha mawimbi kuelekea baharini, na minara ya mbao ya mita 73 ikanasa mwangwi uliorudi kutoka kwa ndege za Wajerumani. Muda wa mwangwi kurudi ndio uliowaambia Waingereza ndege iko umbali gani. Wanasayansi wa Uingereza Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walithibitisha kwamba ndege hurudisha mawimbi tarehe 26 Februari 1935 kwa kuazima mawimbi ya redio ya BBC kule Daventry. Baada ya miaka minne na nusu, vita vikaanza! Nao urefu ulihitajika kwa sababu ileile inayotufanya tupeleke busta za simu mlimani: dunia imepinda, na anayetaka kuona mbali lazima ainuke.

Usivuke ua, ardhi ina mwenyewe. Tazama kutoka barabarani au njia za miguu za umma. Ile ya Viking Way hupita kijijini. Vaa gambuti, matope ni mengi. Darubini usiisahau hata kidogo, maana utataka kufuata vyuma vya pembe kimoja kimoja hadi kileleni. Jeshi la Anga la Uingereza limeutumia kuwapima vijana wanaotaka kuwa mafundi wa milingoti. Niliposikia hayo nilivua kofia.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ondokeni asubuhi. Mkikuta ukungu msirudi nyumbani. Kaeni garini na chupa ya chai mpaka kilele kijitokeze.