Kuomba safari ya kujitolea kujenga nyumba nje ya nchi ukitokea Kigoma: anza na karatasi zako

Mtu akisikia habari hizi hapa Kigoma, la kwanza ni kuuliza wanalipa shilingi ngapi. Hawalipi. Unayelipa ni wewe. Mama mmoja soko la Mwanga alinikazia macho akasema, "Yaani utoe hela ukabebe tofali za watu? Mwanangu, njoo kwangu, choo kimebomoka, hata nauli hutadaiwa." Nikamwambia nikirudi nitapita. Lakini mpango wenyewe ndivyo ulivyo: kila mshiriki anagharamia safari yake, na sehemu ya ada yake inaingia kwenye saruji na mabati.

Shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni Habitat for Humanity, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda, baada ya wao kuishi miaka mitatu Mbandaka, Zaire ya wakati ule, wakijenga nyumba. Yapo na mengine, ya makanisa na ya vijana. Kuna na madalali wanaokutumia ujumbe kwamba Canada wanatafuta wajenzi wa kujitolea, tuma laki mbili za "kushughulikia faili". Shirika la kweli lina fomu, lina kiongozi wa kikundi unayeweza kuongea naye, na halipokei ada kwenye simu ya mtu binafsi. Hilo likishaeleweka, tuendelee.

Fomu ya shirika haina shida, utaijaza jioni moja. Watataka afya yako, mtu wa kupigiwa ukipata tatizo, mtu wa kukusemea tabia (mchungaji, sheikh, mwalimu, bosi wako), na sahihi kwamba unajua ujenzi una hatari zake. Ufundi hawaulizi. Wako mafundi wenyewe kule. Wewe utakoroga zege na kupitisha tofali. Kama ni mtumishi wa umma, barua ya kuomba kibali cha kusafiri nje iandike siku hiyohiyo, maana itapita kwenye meza nyingi na kila meza ina mtu aliyetoka kidogo.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishakubaliwa, shirika litakupa tarehe ya malipo ya awali, na malipo hayo kwa kawaida hayarudi. Usilipe kama pasipoti huna mkononi. Kwa mtu wa Dar pasipoti inaweza kuwa jambo la kupita tu. Kwetu huku mpakani ndiyo safari yenyewe.

Maombi yanaanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unajaza, unapewa namba ya malipo, unalipa 20,000 ya fomu, unaichapisha, unaipeleka ofisini na viambatisho, kisha 130,000 inayobaki. Jumla 150,000, kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayekwambia uongeze ya "kuharakisha" anajisemea mwenyewe. Ukijaziwa steshenari, hakikisha barua pepe ni yako na nywila unaijua. Vijana wetu wana tabia ya kukufungulia barua pepe mpya halafu nywila wanaibeba wao kichwani, na siku unayoihitaji kijana yuko Kasulu kwenye harusi.

Viambatisho: cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), picha, na barua ya mwaliko inayoonyesha unakwenda kufanya nini. Kwenye orodha vinaonekana vitano. Ukianza kuvitafuta, kila kimoja kina watoto wake.

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani na hatukuandikishwa. Utaandikishwa kwa kuchelewa kupitia ofisi ya wilaya, na pale utaombwa chochote cha zamani chenye jina lako: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji. Mzazi naye hana cheti, hilo usishangae. Ataapa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kama hayupo duniani, aape ndugu aliyekuzidi umri na anayejua ulivyozaliwa. Rafiki yako mliyemaliza naye kidato cha nne atawezaje kuapa kwamba alikuona ukizaliwa? Wapo waliojaribu.

Kisha majina. Hapa ndipo muda wangu uliishia, na hela pia. Cheti cha shule kinasema Shabani, cheti cha kuzaliwa kinasema Shabani, namba ya NIDA inasema Shaaban, kwa sababu aliyekuwa anachapa kwenye ofisi moja aliamua kuniandika anavyoandikwa mjomba wake. Dada wa dirishani aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akapitisha kalamu herufi moja baada ya nyingine kama anayemfundisha mtoto kusoma, akafika mwisho, akainua kichwa: "Hawa ni watu wawili." Nikamwambia, dada yangu, ni mimi huyu hapa. Akasema anaona, ila mfumo hauoni.

Dawa yake ni mbili. Kosa likiwa la mwandishi, nenda kwenye ofisi iliyolitoa uombe marekebisho, na vyeti vingine vikutetee. Kama majina yanatofautiana kweli, yaani shuleni ulitumia la babu na kwingine la baba, utahitaji hati ya kiapo cha majina: inaandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Wakili bei mnapatana, kwa hiyo uliza kwa zaidi ya mmoja. Na kabla hujafanya lolote kati ya haya, tandaza karatasi zako zote kitandani usome jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, moja baada ya nyingine. Dakika kumi tu. "Kigoma" na "Buhigwe" (wilaya ya mkoa huuhuu) kwenye mahali pa kuzaliwa navyo ni watu wawili.

Halafu mahojiano ya uraia. Usiyachukulie kama tusi. Sisi Waha tunasikilizana na Warundi kwa lugha bila mkalimani, majina yanafanana, ndugu wako pande zote mbili, na mkoa umepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Afisa atakuuliza babu mzaa baba aliitwa nani, amezikwa kijiji gani, mwenyekiti wa kitongoji ni nani, ulisoma shule ipi na mwalimu mkuu alikuwa nani. Mimi babu mzaa mama nilimjua kwa jina la utani tu, ikabidi nitoke nje kumpigia shangazi, naye akaanza kunisimulia ukoo mzima huku salio linakwisha. Pitia hayo nyumbani na wazee kabla. Beba barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, yenye muhuri unaosomeka. Mihuri mingine huku ina wino wa mwaka wa uchaguzi uliopita. Jibu unalolijua. Usilolijua, sema hulijui.

Pasipoti ikitoka, ndiyo ulipe. Na hapa kuna shimo jingine. Ukituma dola kwa benki kwenda nje, benki za katikati zinaweza kukata chao njiani, na ada yako ikafika pungufu. Shirika linakuandikia kwa upole kwamba bado unadaiwa. Kutuma hicho kidogo kilichobaki kunakutoza makato upya. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya kuchagua nani abebe makato. Chagua "OUR", yaani yote juu yako wewe mtumaji. Mhudumu asipokuuliza, mwambie wewe. Kwa kawaida ada inagusa malazi, chakula, bima na mchango wa ujenzi. Nauli ni juu yako.

Sindano ya homa ya manjano ipate mapema, kwani kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hivyo anayekwambia ya kwako ya miaka 12 "imeisha muda" mwonyeshe tarehe kwa adabu na usilipe mara ya pili. Pepopunda nayo chanja. Utafanya kazi katikati ya misumari. Na buti ngumu nunua hapahapa mitumbani, uzivae wiki kadhaa kabla.

Mimi nilikwenda Zambia. Mtanzania wa matembezi haombi viza kule, lakini kujitolea si matembezi, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako akuandikie ni kibali gani kinahitajika na nani anakishughulikia. Barua hiyo ibebe mkononi, usiiache kwenye begi lililo juu ya basi. Njia ni Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma. Mpakani Tunduma na Nakonde wanahudumu kwenye kituo cha pamoja, pande zote mbili mnamalizana humo, kwa hiyo kijana anayetaka kukushikia pasipoti ili "akupitishe" mwambie asante, unajua njia. Ukivuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja, na tiketi ya basi la Lusaka isome kwa hesabu yao ya kuanzia usiku wa manane: ikiandikwa 15 ni saa tisa alasiri, na ukifika saa tisa ya kwetu utalisubiri basi saa nzima.