Somo: Kuchagua kitambaa cha kifuniko cha boti inayovutwa kwa trela

Ndugu zangu, maswali mengi ninayopokea kuhusu vifuniko huanzia kwenye vipimo na cherehani. Kitambaa huulizwa mwisho, kana kwamba vyote ni kimoja. Leo naanza na kitambaa, kwa sababu kilichonifundisha kazi hii zaidi ni kifuniko kilichorudi mikononi mwangu. Nilikishona kwa akriliki nzuri sana. Boti ikavutwa siku mbili kwenye barabara kuu, na ilipofika kifuniko kilikuwa na matundu manne: mawili kwenye pembe za kioo cha mbele, moja juu ya chuma cha kufungia kamba, na jingine kwenye ukingo wa nyuma. Rangi ilikuwa bado mpya na maji yalikuwa bado yanateleza juu yake. Kitambaa hakikuwa kibovu, ila mimi nilikipeleka kwenye kazi isiyo yake.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio huu: kwanza msuguano, pili kulegea, tatu jua, mwisho maji. Boti iliyoegeshwa, kifuniko chake huliwa na jua. Boti iliyo safarini, kifuniko chake husagwa na upepo kikiwa kimelala juu ya pembe ngumu. Matundu yatatokea jua likiwa bado halijaanza kazi yake.

Hatua ya 1: Jua kifuniko kitafanya kazi gani

Hesabu safari za barabarani kwa mwaka, urefu wake, na siku ambazo boti itakaa nje bila kibanda. Ukikuta safari ni nyingi, soma somo hili lote. Ukikuta boti inakaa tu, ruka hadi swali la pili huko chini.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya upepo

Watu hawaamini nguvu ya upepo hadi waione kwa kilo. Trela ikienda kilomita 50 kwa saa, upepo unaopiga uso uliosimama wima unasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa kilomita 80 ni kama kilo 31. Kwa kilomita 100 inafika karibu kilo 48. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, lakini nguvu imeongezeka mara nne. Ongeza upepo unaokuja kutoka mbele, na lori linalokupita upande wa pili.

Nguvu hiyo haikai mahali pamoja. Inakiinua kitambaa, inakiachia, inakiinua tena, maelfu ya mara kwa saa. Kitambaa kinachonyumbuka hata kidogo kitapata nafasi ya kupepea, na kikianza kupepea kinakuwa msasa: kinajila chenyewe na kinachubua ngozi ya faibaglasi iliyo chini yake. Ndiyo maana kulegea nimekuweka juu ya jua.

Hatua ya 3: Zijue jamii za vitambaa

Akriliki iliyotiwa rangi kabla ya uzi kuvutwa ndiyo mfalme wa jua. Rangi huchanganywa kwenye malighafi ikiwa bado ni rojo, kwa hiyo inakaa ndani ya uzi wote, si juu juu. Sunbrella, inayojulikana kuliko zote, ilianza kuuzwa na kampuni ya Glen Raven ya Marekani mwaka 1961 kwa ajili ya vivuli vya madirisha na vibaraza, na uzito wake wa kawaida kwa boti ni karibu gramu 314 kwa mita ya mraba. Inapumua, haiozi, na ni laini kushona. Udhaifu wake ni mawili yale yale yanayotuhusu: inachubuka upesi ikisuguliwa kwenye pembe, na inanyumbuka. Kivuli cha dirishani hakisuguliwi na kitu. Kumbuka asili hiyo unapoiangalia.

Poliesta ndiyo ninayoitumia kwa safari. Uzi wake una nguvu zaidi ya akriliki, haunyumbuki ovyo, na haunywi maji kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo kifuniko kilichokazwa kikavu kinabaki kimekazwa kikilowa. Lakini poliesta si moja. Iliyotiwa rangi baada ya kufumwa hupauka na kudhoofika juani mapema. Tafuta ile iliyotiwa rangi tangu kwenye rojo, yenye uzito wa gramu 250 hadi 390 kwa mita ya mraba, na yenye tabaka jembamba la kuzuia maji upande mmoja. Chini ya hapo ni nyepesi mno kwa barabara kuu. Juu yake unaanza kubeba mzigo usio na faida, na kifuniko kinachokuchosha kukikunja utakiacha nyumbani.

PVC, yaani lile turubai la malori, ni poliesta iliyofunikwa plastiki pande zote. Haipitishi tone na inastahimili kusuguliwa. Tatizo ni kwamba haipumui: unyevu ulio ndani ya boti unabaki ndani, na ukungu unaota kwenye viti. Baridi huifanya kuwa ngumu, na ikizeeka hupasuka kwenye mikunjo. Mimi huitumia kwa viraka tu.

Nailoni usiichukue. Ina nguvu kweli, lakini inalegea ikilowa na jua linaimaliza. Marudufu ya pamba ni kitambaa cha heshima, kinapumua vizuri, ila kinakunywa maji, kinakuwa kizito, kinasinyaa na kinaoza kikikunjwa kibichi. Yale maturubai mepesi ya plastiki iliyosukwa ni ya kufunika mchanga, si boti.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya kitambaa

Uzito kwa mita ya mraba utaukuta. Utakuta pia denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 600 ina maana ya uzi mnene kuliko denia 300, basi. Haikuambii uzi umefumwa kwa kubana kiasi gani, wala umepakwa nini. Nimeona kitambaa cha denia 600 kilichofumwa wazi kama chujio.

Kipimo cha msuguano ndicho cha kukitafuta kwa bidii. Angalia kimepimwa kwa njia gani, maana Wyzenbeek na Martindale ni mashine mbili zinazosugua kwa namna tofauti, na namba ya moja huwezi kuilinganisha na ya nyingine. Muuzaji akikupa namba bila jina la kipimo, amekupa nusu ya jibu.

Hatua ya 5: Jaribu kipande kabla ya kununua roli

Hapa usione uvivu. Omba kipande cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia kutoka kwa kila kitambaa unachokifikiria, kisha:

Kata ukingo na uuangalie kwa karibu. Ukiona weupe katikati ya uzi, rangi imepakwa juu, na jua litaiondoa.

Kamata pembe mbili zinazotazamana kimshazari, uvute kwa nguvu, uachie. Kitambaa kinachobaki na umbo la kuvutwa ndicho kitakachopepea barabarani.

Kiwekee kipande ukingo wa tofali, ukivute mbele na nyuma mara 50 kwa nguvu ile ile, halafu fanya hivyo kwa vipande vyote. Kishike kila kimoja kwenye mwanga. Jaribio hili si la maabara, lakini linatenganisha vitambaa vizuri kuliko maneno ya tangazo. Ningekuwa nimelifanya kabla ya kushona kile kifuniko cha akriliki, kisingerudi.

Kipande kingine kifinyange mkononi kama nguo chafu, mara 30, kisha ukikunje kama bakuli, utie maji na ukiache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Tabaka la kuzuia maji lililopakwa vibaya hupasuka kwenye mikunjo, na karatasi itakuonyesha ni wapi.

Mwisho bandika mdomo kwenye kitambaa na upulize. Kikipitisha pumzi kidogo kwa shida, hicho kinapumua kwa kiasi kinachotosha. Kisichopitisha kabisa kitahitaji matundu ya hewa yanayotazama nyuma.

Hatua ya 6: Vitu vinavyoandamana na kitambaa

Uzi hufa kabla ya kitambaa. Uzi wa pamba au nailoni usiuweke kabisa. Poliesta iliyogandishwa, yaani ambayo nyuzi zake zimeshikamanishwa pamoja, ya unene namba 92 inatosha kwa mishono mingi, na 138 kwa sehemu zinazovutwa na mikanda. Uzi wa PTFE, ile plastiki ya vikaango visivyoshika chakula, hauharibiwi na jua, ingawa unateleza na unataka mkono uliozoea. Mikanda nayo iwe ya poliesta, kwa sababu zile zile zilizotufanya tuikatae nailoni.

Mshono uwe wa kukunjwa mara mbili, kama ule wa ubavuni mwa suruali ya jinzi, na kipande cha omo (mbele ya boti) kikae juu ya kipande cha tezi (nyuma) ili upepo uteleze juu ya mshono badala ya kuingia chini yake. Kila mahali kitambaa kinapogusa pembe, weka kiraka kwa ndani: pembe za kioo, vyuma vya kamba, kichwa cha injini, ncha ya omo. Kiraka kiwe laini upande unaogusa boti.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina turubai la PVC la lori, bado zima kabisa. Nilikate nitengeneze kifuniko?

Kwa safari fupi litakufaa, kaka. Kausha boti kwanza, weka kitambaa laini chini yake kwenye kila pembe, na livue mara ufikapo. Usiliache juu ya boti kwa wiki nzima. Ukiinua utakuta harufu ya ukungu, na viti vitakuwa vimeanza kupata madoa meusi.

Boti yangu inakaa nje mwaka mzima, inasafiri mara mbili tu. Bado nichukue poliesta?

Hapana. Kwako jua ndilo adui mkubwa. Chukua akriliki, uweke viraka vinene kwenye kila pembe, na siku za safari funga mikanda miwili ya ziada juu ya kifuniko, ukiwekea kitambaa laini kila unapopita mkanda. Mwenye uwezo wa kushona viwili, kimoja cha kukaa na kimoja cha safari, vyote vitadumu zaidi.

Fundi shikamoo. Cherehani yangu ya nyumbani itaweza?

Marahaba mwanangu. Tabaka moja au mbili za kitambaa itashona. Shida ni pale upindo, kiraka na mkanda vinapokutana, maana hapo zinakuwa tabaka sita au zaidi. Kunja kitambaa chako mara sita, zungusha gurudumu kwa mkono, uone kama sindano inapita bila kupinda. Kwa uzi wa 92 tumia sindano namba 110, ambayo huandikwa pia 18. Mashine ikikataa, shuka hadi uzi wa 69 na sindano namba 100, na sehemu za mikanda mpelekee mwenye mashine nzito.

Nimetumia akriliki kwa safari kwa miaka mingi, haijatoboka. Huoni umeionea?

Naamini usemavyo, na nadhani najua sababu. Yawezekana kifuniko chako kimekaa kama ngozi na boti yako haina kioo chenye pembe. Akriliki isiyosogea haisuguliwi. Ila boti nyingi zinazoletwa kwangu zina kioo, vishikio na viti virefu, na wengi wanaokazia mikanda hawana subira yako. Siwezi kuwapa kitambaa kinachodai uangalifu kama huo kila safari.

Lastiki kwenye upindo haitoshi? Mikanda inanichosha.

Lastiki inanyumbuka, na kunyumbuka ndiko tunakopigana nako tangu mwanzo wa somo. Itumie kukishika kifuniko unapokivalisha, kisha pitisha mikanda chini ya trela. Simama baada ya kilomita 20 hivi, ikaze upya. Kitambaa huwa kimeshajilaza kwenye umbo la boti, na utakuta kila mkanda umelegea kidogo.