Usimwage chachu iliyozidi, ipikie pankeki

Anayefuga chachu ya mkate, yaani ule mchanganyiko wa unga na maji ulioachwa uchachuke wenyewe, anaijua hali hii: kila ukitaka kuilisha unga na maji, sharti kwanza upunguze ya zamani, la sivyo itafurika. Hiyo ninayopunguza siimwagi. Naikusanya kwenye chupa yenye kifuniko ndani ya friji, na kabla wiki haijaisha naipikia pankeki.

Kwanza ikague. Maji ya kijivu yaliyoelea juu hayana neno, yakoroge tu yaingie ndani. Lakini ukiona ukungu, au michirizi ya pinki au ya rangi ya chungwa, mwaga yote. Usikwangue juu ukabakiza chini.

Pima chachu gramu 240 (iwe ile inayolishwa unga na maji kwa uzito sawa), unga wa ngano gramu 60, yai 1, maziwa mililita 80, siagi iliyoyeyushwa gramu 30, sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, na soda ya kuokea nusu kijiko cha chai. Soda iweke kando kabisa. Utapata pankeki nane hivi za ukubwa wa kiganja.

Piga yai na maziwa, tia chachu, koroga mpaka ilegee, kisha siagi, sukari na chumvi. Mimina unga mwishoni na ukoroge kidogo tu. Vibonge vidogo viache, vitaivia humo humo. Ukikoroga sana pankeki zinakuwa ngumu kama mpira.

Sasa bandika kikaango moto wa wastani, ukipake siagi kidogo. Kikishapata moto ndipo utie soda, si kabla. Chachu ya siku nyingi haina tena nguvu ya kuumua upesi, ila imejaa asidi, na asidi hiyo ikikutana na soda hutoa gesi papo hapo. Iponde soda kwa mgongo wa kijiko isibaki na mabonge, inyunyize juu ya rojo, koroga. Sikiliza bakuli: utasikia mlio mdogo wa mapovu, na rojo litavimba mbele ya macho yako. Zamani nilikuwa natia soda mapema halafu naliacha rojo lipumzike; gesi yote ilipotea na pankeki zikatoka bapa.

Teka upawa mdogo, mimina, usisambaze. Subiri dakika mbili au tatu. Dalili ya kugeuza ni vitundu vya juu vikishapasuka vikabaki wazi bila kujifunga, na kingo zimekauka. Geuza mara moja tu, usikandamize kwa mwiko, ngoja dakika moja au mbili, toa.

Zikiwa na ladha ya sabuni, soda ilizidi, punguza. Zikiwa na uchachu mno, umeikawiza sana chachu kwenye friji. Zikiungua nje na ndani mbichi, moto ni mkali.

Ukitaka za asubuhi, changanya kila kitu usiku isipokuwa soda, funika, weka kwenye friji. Asubuhi rojo litakuwa limekaza kidogo, kwa hiyo lilegeze kwa kijiko kimoja au viwili vya maziwa, pasha kikaango, kisha tia soda.